Kuonja tonto Bigodi: kwanza uliza shimo limefukiwa lini

Ziara ya kuonja pombe ya ndizi kwa familia za Bigodi, magharibi mwa Uganda, huuzwa kama nyongeza ya ziara ya kuona sokwe mtu. Mgeni akitoka msitu wa Kibale asubuhi, mchana anapelekwa kilomita chache mbele ya Kanyanchu, kituo cha kuanzia kuona sokwe, hadi kwenye shamba la familia. Anaonyeshwa migomba, anakamua ndizi kidogo, anaonjeshwa vikombe vitatu, anapiga picha, anaondoka. Kwa anayetaka kupumzisha miguu, inatosha. Kwa anayetaka kuijua tonto, pombe ya ndizi isiyopikwa, ndugu wa damu wa rubisi ya Bukoba, haitoshi mpaka aikute siku ya kukamua yenyewe. Na siku hiyo hupangwa na shimo la kuvundikia. Ofisi ya watalii mjini Fort Portal haina usemi hapo.

Basi unapopiga simu, swali la kwanza liwe: "Shimo mmefukia lini?" Mwenyeji akikutajia siku, umepata watu wa kazi. Akisema "Njoo tu, sisi kila siku tunakamua", tegemea maonyesho: beseni moja la ndizi za sokoni na jerikeni la tonto lililoletwa na boda asubuhi hiyo. Shamba la ekari mbili tatu haliwezi kutoa ndizi za kukamua kila siku ya Mungu.

Shimo lenyewe ni la kina kama cha mita moja, limetandikwa majani ya mgomba. Kwanza huwashwa majani makavu ndani yake ili udongo upate joto, majivu yakapoa kidogo, kisha chane za ndizi mbichi zilizokomaa hupangwa, zikafunikwa majani mabichi na udongo juu. Siku tatu hadi tano zinatosha. Kipindi cha mvua na baridi huongezeka moja. Wengine hawachimbi, huvundika juu ya dari ya jikoni, na moshi wa kuni hufanya kazi ileile. Tofauti utaionja: ndizi za darini hutoa maji yenye harufu ya moshi, na harufu hiyo haitoki hata pombe ikikomaa. Kuna wanaoipenda. Sisi tunaona inafunika utamu wa ndizi, na mwenyeji mwaminifu atakuambia mapema zake zimevundikwa wapi.

Shimo likifunguliwa, usikubali kusimama mbali. Omba dole moja, livunje katikati. Lililo tayari lina ganda la njano, nyama laini nyeupe inayoelekea njano, na halikazi ulimi. Likikaza ulimi, ndizi hizo zitakamuliwa hadi jioni zisitoe kitu. Likiwa na weusi chini ya ganda, limepitiliza: maji yatakuwa mazito, yana makapi, na pombe itawahi kuchacha. Familia tunayoipa alama za juu hapa huyatenga madole yaliyopitiliza kwenye ungo wa pembeni kwa ajili ya nguruwe. Ni jambo dogo, lakini nyumba nyingi hutupia yote mtumbwini, chombo cha mti cha kukamulia.

Ndizi za kukamua si matoke. Ukijaribu kukamua matoke yaliyoiva, au bogoya, ndizi tamu za kula mbivu, utapata uji. Zinazotoa maji ni zile zenye tanini nyingi, kile kinachokaza ulimi ndizi ikiwa mbichi: mbidde, jamii ya ndizi chungu za nyanda za juu ambazo ukizipika hazilainiki vizuri wala hazina ladha, kayinja, yenye dole fupi nene, na kisubi, ndogo tamu yenye harufu kali. Wenyeji husema kila moja ina pombe yake, na ni kweli. Mbidde hutoa tonto yenye uchungu kidogo nyuma ya ulimi, iliyo na mwili. Kayinja ni nyepesi na tamu, rahisi kwa mgeni. Kisubi ina sukari nyingi, ndiyo maana wapika waragi, gongo ya Uganda, huing'ang'ania. Ziara nzuri ni ile unayopewa maji ya aina mbili yaliyokamuliwa mbalimbali, uonje bega kwa bega. Ziara nyingi huchanganya, na mgeni hawezi kujua amekunywa nini. Omba kabla, kwa sababu kutenga kunahitaji vyombo viwili na watu wawili zaidi.

Kukamua ndiko kiini cha ziara. Ndizi zilizomenywa huwekwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa, au beseni kubwa kwa kundi dogo, halafu huongezwa mafungu ya nyasi ndefu nyembamba, zile za kuezekea. Kundi likiwa kubwa hukanyagwa kwa miguu, likiwa dogo hukandwa kwa mikono. Dakika kumi za mwanzo hakuna kinachotokea. Ni donge zito linalonata, na wageni wengi hukata tamaa hapo wakadhani wamekosea. Endelea. Tanini na nyama ya ndizi hushikana, nyasi zinazuia donge lisigeuke uji, na ghafla unaanza kusikia mlio wa majimaji chini ya vidole na povu jeupe linatokea pembeni. Kuanzia hapo maji hutoka kwa dakika chache tu, angavu, rangi ya asali changa. Ukizidisha kukanda baada ya hapo unayarudishia makapi. Mama wa nyumba anayejua kazi husimamisha watu kwa mkono mmoja: "Basi, Amooti, inatosha." Amooti ni empaako, jina la heshima la Kitooro ambalo atakuwa amekupa mlipofika, utaulizwa lako, na kama huna utapewa. Lishike, kwa sababu ndilo utakaloitwa mchana kutwa, na kulisahau ni utovu wa adabu kidogo.

Onja maji hayo palepale, kabla ya kitu kingine chochote. Kikombe kidogo kinatosha. Ni matamu kuliko unavyotarajia, na ndicho kipimo cha kweli cha nyumba yoyote: kama maji ya ndizi yana ladha ya udongo, chuma au moshi mkali, pombe itakayotoka humo haiwezi kuwa safi. Kwa maoni yetu maji haya ndiyo kitu bora kuliko vyote vinavyoonjeshwa Bigodi, na ni aibu kwamba viongozi wengi huyapitisha haraka ili wafike kwenye waragi.

Hapa pia ndipo pa kutazama usafi, bila haya. Tonto haipikwi hata mara moja. Kwa mtu wa Moshi aliyezoea mbege, ambayo ndizi zake huchemshwa kwanza na kuchanganywa na kimea cha ulezi, hili ni jambo la kuzingatia. Baada ya kamuo la kwanza, makapi huongezwa maji na kukandwa tena ili kuondoa sukari iliyobaki. Maji hayo yametoka wapi? Nyumba nzuri huyachemsha jana yake na kuyaweka kwenye jerikeni lenye kifuniko. Nyingine huchota kisimani moja kwa moja, na ukiumwa tumbo usiku, mshukiwa wa kwanza ni maji, pombe inafuata nyuma sana. Uliza waziwazi: "Haya maji mmechemsha?" Hakuna mwenyeji wa maana atakayekasirika. Tazama pia kama wanaokanyaga wameosha miguu kwa sabuni na kuisuuza vizuri, maana sabuni iliyobaki huua povu na kuacha ladha ya kufulia nguo. Mgeni anayetaka kukanyaga aache mafuta ya kujipaka na dawa ya mbu hotelini, au aifute kabisa. Dawa ya mbu ndani ya mtumbwi imeharibu pombe ya watu wengi, na hasara ni ya familia, si yako.

Maji ya kamuo la kwanza na la pili huchanganywa, yakachujwa kwa kifungu cha nyasi kilichosokomezwa shingoni mwa kibuyu kilichokatwa. Halafu huja mtama. Mtama mwekundu hukaangwa mpaka unukie na kubadilika rangi, unasagwa kwa jiwe au mashineni, usiwe laini sana, kisha unaingizwa mtumbwini. Kipimo cha kawaida ni kama kilo moja kwa lita kumi hadi kumi na mbili za maji ya ndizi, ingawa kila nyumba ina mkono wake. Mtama ndio unaoipa tonto rangi ya kahawia, ladha ya kitu kilichochomwa, na chakula cha kuamshia hamira. Hamira yenyewe hainunuliwi: inatoka kwenye maganda, kwenye nyasi, kwenye mti wa mtumbwi uliotumika miaka. Ndiyo maana mtumbwi mpya hutoa pombe ya ajabu ajabu mara za kwanza, na ndiyo maana pia hausuguliwi kwa sabuni. Mtumbwi hufunikwa majani ya mgomba, juu huwekwa magome ya mgomba na mara nyingine blanketi, ukaachwa usiku kucha. Asubuhi povu limepanda. Wengine huinywa siku hiyohiyo, wengine huiacha siku ya pili au ya tatu. Nguvu yake huwa kati ya asilimia 6 na 11, kwa hiyo usiidharau kwa sababu ina utamu na inauzwa kwa kibuyu.

Sasa kuonja. Makosa ya ziara nyingi ni mpangilio: mgeni anaanzishiwa waragi "ya kumkaribisha", ulimi unaungua, na baada ya hapo kila kitu kina ladha moja. Mpangilio sahihi ni maji ya ndizi, kisha tonto ya siku moja, kisha ya siku mbili, waragi mwisho kabisa, na katikati maji ya kunywa na karanga za kukaanga au muhogo wa kuchemsha. Ndizi mbivu usile katikati, zinafunika utamu wa pombe. Tonto ya siku moja bado ina sukari, ina povu hai, na inanukia ndizi kwanza, mtama baadaye. Ya siku mbili imekauka kidogo, uchungu wa mbidde umejitokeza, na asidi yake inakata kiu. Baada ya siku ya tatu hewa imeshaingia na bakteria wa siki wameanza kazi: utahisi mkwaruzo puani kabla hata kikombe hakijafika mdomoni. Hiyo usiinywe kwa heshima. Rudisha kwa upole, wenyeji wanajua. Unyevu wa telezi ulimini, kama ute, ni dosari nyingine, na hutokea mara nyingi mtumbwi ukiachwa na machicha ya mzunguko uliopita. Harufu ya mayai au ya nyasi zilizooza huenda ikamaanisha nyasi za kuchujia zimetumika zaidi ya mara moja.

Usitegemee mirija mirefu na chungu katikati. Hayo ni mambo ya malwa, pombe ya Teso, mashariki mwa Uganda, inayotengenezwa kwa ulezi na kuongezwa maji ya moto mezani. Tonto hunywewa kwa kibuyu au kikombe, baridi ya kivulini.

Waragi inataka tahadhari ya aina yake. Kwenye ziara hupikwa kwa pipa la lita 200 au sufuria kubwa iliyozibwa kwa udongo na magome ya mgomba, mrija wa shaba ukipita kwenye maji ya kupozea. Pombe inayopikwa imeachwa ichachuke zaidi, kwa kawaida wiki nzima, na wengi huongeza sukari guru. Mpishi mzuri humwaga matone ya kwanza, yale yenye harufu ya gundi au rangi ya ukutani, na huacha kukinga mwishoni pombe inapoanza kunuka kama kitambaa kilicholowa. Mtazame anachofanya na kikombe cha kwanza. Akikikinga na kukupa wewe mgeni kwa heshima, "hii ndiyo kali kabisa", kataa. Angalia pipa: likiwa na mabaki ya maandishi ya kemikali ya shambani au ya rangi, ondoka meza hiyo. Angalia viungo vya mrija pia, maana risasi ya kuchomelea inaingia kwenye pombe. Na ile desturi ya kumwaga tone mezani na kuliwasha moto, ukiona mwali wa bluu ukaambiwa ni safi, inathibitisha tu kwamba kuna kilevi cha kutosha kuwaka. Methanoli, kilevi chenye sumu, nayo huwaka, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Mwaka 2010 watu wengi walikufa wilayani Kabale kwa waragi yenye methanoli, na kwa kawaida sumu nyingi ya namna hiyo hutokana na kuongezewa spiriti ya viwandani, haitoki kwenye ndizi. Kwa hiyo waragi unayoiona ikidondoka mbele yako ni salama kuliko ya chupa isiyo na jina. Mililita kumi au kumi na tano zinatosha kuijua: ya kisubi huwa na harufu ya ndizi mbivu inayobaki puani hata baada ya moto kupita kooni. Isiyo na harufu yoyote ya tunda ni sukari tupu iliyopita mrijani.

Baadhi ya familia siku hizi huuza pia divai ya ndizi kwenye chupa, na hii ndiyo sehemu inayotukatisha tamaa. Maji ya ndizi huchujwa, huongezwa sukari na hamira ya paketi, yakachachushwa kwenye ndoo iliyozibwa yenye mrija wa kutolea hewa, wiki mbili hadi nne, kisha huachwa yatulie miezi kadhaa. Miezi hiyo ndiyo hukosekana. Chupa huuzwa zikiwa changa, zina ukungu wa pektini, ile inayogandisha jemu, usiotua, na tamu kupita kiasi kwa sababu sukari haijaisha. Sukari iliyobaki ikikutana na hamira iliyobaki ndani ya chupa iliyofungwa kwa nguvu, na ukaiweka kwenye buti la gari juani hadi Kampala, kifuniko kitaruka njiani, Mubende. Ukitaka kununua, igeuze chupa kwenye mwanga: tope chini linavumilika, mawingu katikati hapana. Bonyeza kifuniko, kikiwa kimevimba iache. Chupa yenye alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, ina afadhali, na kwa bei wanayotaka ni haki yako kuiuliza.

Kitu cha kununua ni maji ya ndizi, lita tano kwenye jerikeni safi lako mwenyewe. Usikaze kifuniko, na ukifika unapolala yachemshe mara moja, vinginevyo kufikia kesho yake umebeba tonto bila mtama. Yaliyochemshwa na kupozwa hukaa siku kadhaa kwenye friji, na ni kinywaji cha watoto pia. Tonto yenyewe haisafiri. Tumeona watu wakiijaza kwenye chupa za soda kupeleka Nairobi, wakaishia kufua nguo zote za kwenye begi.

Utakapotembezwa shambani utaona mikungu mingi haina lile ua dume la zambarau linaloning'inia chini. Limekatwa makusudi. Mnyauko bakteria wa migomba uligunduliwa Uganda mwaka 2001 na kayinja ndiyo iliyoumia kuliko zote, kwa sababu wadudu wanaotembelea ua hilo huhamisha ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Dawa haipo. Kinachofanyika ni kulivunja ua mapema kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kung'oa mgomba unaougua, na kupitisha panga kwenye moto au jiki kila baada ya mgomba mmoja. Mwongozaji akikupa panga ujaribu kukata mkungu bila kulisafisha, mkumbushe. Na usiombe chipukizi la kupeleka kwenu, hata kama linaonekana zima, maana ugonjwa hukaa ndani kabla majani hayajaanza kugeuka njano.

Kufika si shida. Bigodi ni takriban kilomita 40 kutoka Fort Portal kwa barabara ya Kamwenge, lami, na matatu zinapita. Lugha ya nyumbani ni Kitooro na Kikiga. Wazee wengi Kiswahili wanakisikia kuliko wanavyokisema, kwa hiyo omba mwongozaji anayekijua mapema, la sivyo maelezo ya mtama na shimo utayakosa. Bei ikubaliwe kabla, kwa shilingi, na iwe wazi kama ni kwa mtu au kwa kundi na kama inajumuisha chakula. Uliza pia kiasi gani kinabaki kwa familia, kwani mwenye mtumbwi mara nyingi ndiye anayepata kidogo kuliko dereva. Kundi la wanne hadi sita linafaa. Mmoja peke yake mtumbwi unakuwa mkubwa mno, na zaidi ya wanane nusu yenu mtasimama mkiangalia.

Ukipiga simu Jumatatu na shimo limefukiwa siku hiyo, panga kufika Alhamisi au Ijumaa asubuhi kwa kukamua, na kama una nafasi lala Bigodi urudi kesho yake kwa kikombe cha tonto ya usiku mmoja. Kuna zamu ya mchana ya kuona sokwe pia, kwa hiyo mtumbwi wa asubuhi na msitu wa mchana vinaingiliana vizuri, ili mradi umebakiza kuonja waragi kwa baada ya msitu.